Msimu wa Darubini Tatu

Jumatatu, 12 Agosti

Daftari hili nimepewa na Zamzam, binti wa marehemu ndugu yangu. Kaniambia, "Ami, uandike kila siku. Ukiona, andika. Usipoona, andika pia." Nikamwambia mimi Hamdu nina miaka sitini na saba, na toka nitoke chuo cha Qurani sijaandika ila kadi za harusi na majina ya watoto nyuma ya msahafu. Akacheka, akaniachia na kalamu mbili.

Shauri lenyewe ni hili, bora niliandike mwanzo. Zamani nilikuwa mwinda nguva. Chusa langu, mkuki wa kuwindia nguva, lilijulikana toka hapa Kizingitini hadi Kiunga, na nyama niliyoileta ililisha mitaa mizima. Nikaacha, kwa hiari kidogo na kwa kukamatwa zaidi. Sasa mwezi wa saba niliiambia kamati ya wavuvi kuwa nguva yuko mkondoni, mbele ya rasi, pale penye nyasi za chini ya maji. Watu wamekaa miaka bila kumwona, wengi wanasema wamekwisha. Kwa neno langu kamati ikafunga mkondo: hapana jarife msimu huu. Jarife ni zile nyavu za matundu mapana za kutegea papa na samaki aitwaye taa. Nguva akinasa humo hawezi kupanda kuvuta pumzi, hufa maji, yeye na ukubwa wake wote.

Idarus, ambaye ana jarife nyingi kuliko mtu yeyote hapa, akasimama mbele ya watu akasema Hamdu ni mwongo. Basi ikapitishwa hivi: kabla ya tarehe kumi Novemba wapatikane mashahidi wawili waliomwona nguva kwa macho yao, watie sahihi. Wasipopatikana, mkondo utafunguliwa na jarife zitarudi. Zamzam akauliza, je, picha? Mwenyekiti wetu, Bwana Husseini, akamjibu kuwa picha siku hizi mtu huzitengeneza kwa simu akiwa kitandani. Yeye anataka watu wawili waadilifu, kama ilivyo kwa kuandama kwa mwezi.

Jumatano, 14 Agosti

Zimefika. Shirika moja la Mombasa limetuazima darubini tatu tuzijaribu msimu huu. Moja tutabaki nayo, mbili tutarudisha, na anayechagua ni Zamzam kwa kuwa ndiye katibu wa kikundi chetu cha kulinda mkondo na ndiye aliyesomea mambo ya bahari.

Si zile za macho mawili. Hizi ni za jicho moja, ndefu, husimama juu ya miguu mitatu. Ndani ya sanduku la moja mna kitabu chenye picha ya Mzungu amekaa juu ya mlima, bunduki magotini, anatafuta mbuzi wa majabalini. Kumbe ni vyombo vya wawindaji! Nilifurahi, wallahi. Zamzam akaniambia, "Ami, kwetu kuwinda kulikatazwa kabla mimi sijazaliwa." Nikamwambia kutazama hakukukatazwa, na kuwinda sehemu tisa kati ya kumi ni kutazama.

Nimezipa majina. Kubwa ni Pandikizi, kioo chake cha mbele kipana kama kisahani cha chai na inavuta mara sitini. Ya pili ni Nyofu, nyembamba, nyepesi. Ya tatu ni Kishingo, maana mahali pa kutia jicho pamepinda kuelekea juu, mtu huinama kama anayechungulia chungu jikoni. Kikundi kizima kimeipenda Pandikizi, na mimi pia. Kishingo haikupendwa na mtu.

Nimechungulia zote tatu. Zote zina ukungu. Watu wa Mombasa wametupa vitu vibovu.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimefuta vioo kwa ncha ya kikoi. Zamzam alipiga ukelele kama nimemkanyaga mtoto. Ati chumvi ya kwenye nguo hukwaruza kioo, kwanza hupulizwa, halafu hufutwa kwa kitambaa chake laini kidogo cha kijivu. Sijawahi kupigiwa kelele na msichana wa miaka ishirini na minane. Na alikuwa sawa.

Jumamosi, 17 Agosti

Kusi inavuma kwa hasira. Bahari imechafuka. Hakuna kitu.

Jumapili, 18 Agosti

Hakuna kitu.

Alhamisi, 22 Agosti

Leo nataka kumwandika Zamzam, maana nimekaa naye rasini siku nne na nimeona kitu. Nilidhani huyu msichana atachagua darubini kama watu wanavyochagua simu, aangalie ipi kubwa na ipi inang'aa. Sivyo.

Kila mashua hapa ina nambari ubavuni. Mashua ya Idarus ilikuwa imetia nanga mbali upande wa Ndau. Zamzam akazisimamisha darubini zote tatu safu moja, akasoma ile nambari kwa kila moja, asubuhi, adhuhuri na alasiri, siku nne, akaandika kila mara. Asubuhi Pandikizi iliwashinda wenzake. Adhuhuri, ukiivuta mpaka mwisho, hewa ya moto inacheza, nambari zinatetemeka, hazisomeki. Halafu upepo ukija, ule urefu wake unashika upepo na yote inatikisika. Kishingo kwa nusu ya nguvu ile ilisoma sawasawa saa zote.

Kisha akajaribu na miwani ya kusomea ya Bwana Husseini usoni, aone kama mwenye miwani ataona duara zima au kipande. Akasoma kitabu mara mbili, akahakikisha inaruhusiwa, akaitia Kishingo kwenye beseni la maji robo saa nzima! Mimi roho ilinipanda. Akaitoa, akaipangusa, ndani kukavu. Masha'Allah, mtu wa kufanya kazi namna hiyo zamani ningemchukua chomboni mwangu bila kuuliza baba yake ni nani.

Aliniambia na mimi nisome nambari. Nilisema ni ile ile aliyosoma yeye.

Jumatatu, 26 Agosti

Mvua kidogo. Idarus kapita rasini na miguu yake mirefu, kauliza, "Bwana Hamdu, nguva wako hajambo?" Nikamwambia, "Akusalimu." Nyuma yake nikamtukana, Mungu anisamehe.

Jumanne, 3 Septemba

Leo nimeaibika na sijui nianzie wapi.

Zamzam ameshuka Amu, mjini Lamu, kwa siku chache. Pandikizi imelala kwangu. Nikasema moyoni, huyu mtoto hajui kuitumia, mimi nitaipandisha juu kabisa, niiangalie vizuri peke yangu mpaka niujue ukungu wake unatoka wapi. Alasiri nikaipandisha darini, juu ya paa la sakafu, nikaielekeza mkondoni. Sikuita.

Mtu yeyote wa hapa anayesoma maneno hayo matatu ameshanielewa. Mwanamume akipanda paa, hata kama ni kuziba ufa, husimama chini kwanza akaita kwa sauti kuwa anapanda, ili majirani wajistiri na wenye kuingia ndani waingie. Baba yangu alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kuogelea. Na mimi kwa pupa ya chombo kipya nikapanda kimya.

Na chini yangu, uani kwa jirani yetu Bi Hindu, walikuwa wanampaka bibi harusi singo ya kulainisha ngozi. Mjukuu wake. Wanawake kumi na tano, vichwa wazi, mabega wazi.

Nikawa naona weupe mtupu katika Pandikizi. Nikaigeuza kulia, weupe. Nikaigeuza kushoto, nikaishusha, nikatafuta kitu chochote chenye umbo, mnazi, mlingoti, chochote. Mara nikasikia ukelele. Kisha sauti ya Bi Hindu, na sauti yake haina haja ya kipaza sauti: "Hamdu! Wewe Hamdu! Uzee wote huu huna haya? Toa mato yako kwetu!"

Wakanifunika kwa matusi. Mwanamkisi, mke wangu niliyekaa naye miaka arubaini, akatoka jikoni, akatazama juu, akaniona na lile jidude, akaingia ndani akafunga mlango.

Baada ya alasiri wazee wakanikalisha barazani mbele ya msikiti. Bwana Husseini akauliza kwa upole, "Ulikuwa unatazama nini?" Nikasema bahari. Ndugu wa bwana harusi akasema, "Chombo kinasoma nambari ya mashua huko Ndau, na wewe umekigeuza kulia na kushoto juu ya uwa wa watu, hukuona kitu?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Maneno mawili tu: sikuona kitu. Lakini wangeuliza kwa nini sikuona, na mimi hilo sikutaka waliulize, wala mimi mwenyewe sikutaka kuliuliza. Nikasema, "Nimekosa kupanda bila kuita. Naomba radhi." Wakalichukua kuwa nimekiri yote.

Uamuzi: darubini haitapanda paa lolote Kizingitini maadamu wao wako hai. Na mimi nikaombe radhi mlangoni kwa Bi Hindu. Nilikwenda. Sikufunguliwa.

Jumatano, 4 Septemba

Mwanamkisi hasemi nami. Chai nawekewa mlangoni.

Alhamisi, 5 Septemba

Bado.

Jumamosi, 7 Septemba

Zamzam amerudi. Amesikia njiani, kabla hajafika bandarini. Nilidhani atanifukuza kikundini. Akaniuliza tu, "Ami, wewe ulikuwa unatafuta nini huko juu?" Nikamwambia ukungu. Akasema kesho twende rasini mapema.

Alhamisi, 19 Septemba

Kusi imepungua. Nguva hakuna. Lakini leo limetokea jambo.

Ilikuwa saa sita mchana, jua kali. Nilikuwa nimeiinamia Kishingo na nikarudia maneno yangu yale yale, kuwa ina ukungu, kuwa zote tatu zina ukungu, kuwa tulidanganywa. Zamzam hakubisha. Akasema, "Ami, inua kichwa. Tazama mkondo hivi hivi, bila darubini. Ukungu upo?"

Nikasema upo, ukungu wa asubuhi.

Nikasikia mwadhini anaadhini adhuhuri.

Mtoto wa watu hakucheka. Akanishika mkono, jambo ambalo hajafanya toka alipokuwa anavaa gauni la chuoni, akasema, "Tangu lini, ami?" Nikamwambia mwaka. Nikafikiri, nikamwambia miwili. Nikamwambia nambari za mashua nilikuwa nakisia. Nikamwambia na juu ya dari, kuwa hata wangekuwa uchi wa mnyama nisingejua kama ni wanawake au ni matanga yaliyoanikwa. Hapo akacheka, na mimi nikacheka, halafu nikalia kidogo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 20 Septemba

Kuna jingine na lazima nilitoe.

Mwezi wa saba sikumwona nguva. Nilimsikia. Nilikuwa kwenye hori, ule mtumbwi wangu mdogo, pale penye nyasi, bahari imetulia, nikasikia ile pumzi. Pumzi ya nguva si ya pomboo. Pomboo hupiga chafya. Nguva hushusha pumzi ndefu na nzito, kama mzee anayekaa kitini baada ya kazi. Nimeisikia mara elfu nikiwa na chusa mkononi, siwezi kuikosea. Kisha nikaokota nyasi zilizong'olewa na mizizi yake zinaelea, kwa sababu nguva hali majani tu, hung'oa. Alikuwepo. Lakini mbele ya kamati nilisema, "Nimemwona kwa macho yangu." Nilisema hivyo kwa kuwa mtu wa sifa zangu akisema "nimesikia" watamcheka.

Basi Idarus aliponiita mwongo alikuwa amesema kweli, na mimi nimemchukia kwa miezi miwili kwa sababu hiyo.

Jumapili, 22 Septemba

Nilimwomba Zamzam asimwambie mtu, hakunisikiliza. Kaenda kwa Bi Hindu akamwambia habari ya macho yangu. Jioni Bi Hindu kaja mwenyewe na sahani ya mahamri, kasimama mlangoni anacheka mpaka buibui linateleza. "Kumbe twamkasirikia kipofu! Harusi nzima niliikosa raha yangu kwa ajili ya mtu asiyeona hata pua yake!" Mwanamkisi naye akacheka. Wote wawili walikaa wakanicheka mpaka magharibi.

Mahamri yalikuwa mazuri. Nilikuwa na raha zaidi nilipokuwa mhuni.

Alhamisi, 26 Septemba

Nusu ya mji wameshuka Amu kwa maulidi. Mimi pia nimeshuka, kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Anasema upasuaji upo Mombasa na nafasi yangu ni mwisho wa Novemba. Nikamuuliza kama kuna ya karibu zaidi. Hakuna.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimesimama mbele ya kamati nikasema yote: kuwa sikumwona, nilimsikia, kuwa niliongeza neno. Idarus akasimama. Nilingoja anipige teke mbele ya watu, na alikuwa na haki. Akasema, "Mtu asiyeona mashua alituambia ameona nguva, na sisi tukakunja nyavu zetu. Nina wanaume kumi na wawili wanaokula kwa jarife zile. Sitamtukana mzee. Lakini naomba mkondo ufunguliwe leo."

Bwana Husseini akasema tarehe ni tarehe. Kumi Novemba. Ila mimi na neno langu tumewekwa kando: mashahidi wawili wanatakiwa vile vile, na mmoja wao asiwe jamaa ya mwingine. Maana yake Zamzam hawezi kusimama na binamu zake, wala na mimi hata kama ningeona. Wenzetu wa kikundi wameanza kukosa kuja. Mmoja ana shamba, mwingine ana mafua.

Nimewasababishia hasara hii kwa neno moja. Najuta sana.

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo tumechagua.

Kikundi walikuja wote, maana kila mtu anapenda kutoa maoni. Wote wakasema Pandikizi. Mmoja akasema kwa Pandikizi aliona saa ya mkononi ya mtu aliyekuwa kwenye mashua. Zamzam akamsikiliza mpaka akamaliza, akasema, "Tunatafuta saa?"

Kisha akaeleza, na mimi naandika kama nilivyoelewa. Nguva akipanda juu hukaa kiasi cha kuvuta pumzi moja, pua na mgongo kidogo, basi, kesha zama. Pandikizi inaona mbali lakini inaona kishimo. Mpaka umtafute alipo, hayupo. Kishingo inaona eneo pana. Ukimpata, humwachi. Nyofu ni nyepesi, lakini ili Zamzam aone lazima miguu ishushwe, na mtu mrefu akitaka kuona lazima ipandishwe, na ukiigusa tu umepoteza mahali. Kishingo ikiwekwa chini kidogo, mfupi anachungulia na mrefu anainama, na hakuna anayeigusa. Mtu wa kwanza akitoka, wa pili anatia jicho na kitu kiko pale pale.

"Sisi hatuhitaji mtu mmoja aone vizuri sana," alisema. "Tunahitaji watu wawili waone kitu kimoja."

Na mimi mwindaji, niliyeshika chusa miaka ishirini, sikuwahi kufikiria hivyo, kwa sababu mwindaji huona peke yake na huleta nyama kuwa ushahidi. Nilijivunia sana yule mtoto.

Pandikizi na Nyofu zimerudi Mombasa. Kuna watu wamenuna.

Jumapili, 20 Oktoba

Matlai, upepo mwanana wa mashariki, imeingia. Bahari imelala kama maji ya birika. Hakuna kitu.

Jumatano, 23 Oktoba

Hakuna kitu. Kasa mmoja.

Jumapili, 27 Oktoba

Tumebaki mimi na Zamzam. Ninamfundisha nijuavyo. Asitafute mnyama, atafute tope: nguva akila huchimba, na tope lake hupanda likakaa majini kama moshi, likisogea taratibu. Akiliona hilo, aelekeze darubini mbele ya tope, si juu yake. Na ahesabu. Sisi hatukuwa na saa chomboni. Mwalimu wangu alinifundisha kupima muda kwa kusoma sura fupi ya Qul-huwallahu. Nguva anayekula husomewa mara kumi na tano, ishirini, halafu hupanda. Zamzam akasoma pamoja nami, akaangalia saa yake, akasema, "Dakika mbili na nusu, ami. Ndivyo vitabu vinavyosema." Nikamwambia vitabu vimeniibia.

Ijumaa, 1 Novemba

Hakuna kitu. Idarus na watu wake wameleta jarife zao pwani chini ya rasi wanazishona. Wanajitayarisha. Siwalaumu.

Jumatatu, 4 Novemba

Hakuna kitu.

Jumanne, 5 Novemba

Tope, mbali, Zamzam kasema. Likapotea. Hakulala vizuri, na mimi pia.

Alhamisi, 7 Novemba

Nitaandika polepole.

Maji yalikuwa yanajaa, saa tatu asubuhi, hakuna upepo hata wa kupeperusha nywele. Zamzam ameinamia Kishingo. Mimi nimekaa kando, macho nimeyafumba kwa sababu hayana kazi, nasikiliza. Na nikaisikia. Mbali, lakini ni yeye, ile pumzi ya mzee anayekaa kitini. Nikasema, "Kulia kwako. Sogeza kulia." Akasogeza. Akasema, "Tope. Ami, naona tope." Nikamwambia apite mbele ya tope asubiri, na tukaanza kusoma.

Ya kumi na sita. Zamzam akatoa sauti ambayo si neno.

"Nimemwona," akasema. "Pua. Mgongo. Ami, nimemwona, nimemwona! Ndoo uone!"

Nikatia jicho. Niliona weupe. Nikajua kabisa kuwa katikati ya weupe ule yumo, hatua mia tatu kutoka nilipo, mnyama niliyemtafuta msimu mzima. Nikasoma Qul-huwallahu na jicho langu palepale mpaka ya kumi na saba, nikaisikia pumzi yake, nikaona weupe.

Zamzam alikuwa anasema, "Umemwona? Sema umemwona!" Mkononi ana karatasi ya kamati. Sisi ni jamaa, sahihi yangu isingetosha, lakini alikuwa amesahau yote hayo kwa furaha, na mimi nilijua kuwa nikisema kwa nguvu ya kutosha mbele ya Bwana Husseini huenda wangenionea huruma wakapokea. Ningesema pua, ningesema mgongo, ningesema tope lilielekea wapi. Nimewaona mia. Hakuna mtu Kizingitini ambaye angepata kosa katika maelezo yangu.

Nikasema, "Mimi sikuona. Mwite Idarus."

Akanitazama kana kwamba nimepatwa na wazimu. "Idarus? Ami, yeye atasema hakuona!"

"Mwite."

Hakukuwa na mtu mwingine wa kuita. Chini ya rasi walikuwa yeye na watu wake na nyavu zao. Zamzam alisimama ukingoni akamwita kwa jina, na Idarus akapanda ule mwamba na sindano ya kushonea nyavu bado mdomoni. Nikamwambia, "Inama hapo, usiiguse. Nikisema sasa, tazama."

Hakuuliza. Akainama kutoka kwenye urefu wake wote, akatia jicho. Mimi nikafumba macho yangu nikaanza kusoma, na humo katika kusoma nikafikiria jambo lililonitia baridi. Mtu huyu anaweza kuinua kichwa akasema, sijaona kitu. Neno moja, na Jumatatu jarife zake ziko majini. Nani angembisha? Zamzam ni mmoja, na mmoja hatoshi. Mimi? Mimi ni yule mzee aliyedanganya. Hakuna kitu kilichosimama kati ya mnyama yule na nyavu isipokuwa Idarus mwenyewe, na mimi nilimwita kwa mdomo wangu.

Ya kumi na nne. Ya kumi na tano. Nikaisikia. "Sasa!"

Hakuinua kichwa. Nikadhani amepitwa. Nikaanza kusoma upya, kwa sauti, na yeye bado ameinama, mikono nyuma kama mtu aliyekatazwa kugusa chombo cha mwenyewe. Ya kumi na nane safari hii. "Sasa," nikasema, na kabla sijamaliza neno nikasikia pumzi ile, na nyuma yake, fupi, nyepesi, nyingine.

Nikakisia kuwa masikio nayo yameanza kunidanganya, nikanyamaza.

Idarus akainuka. Akatoa sindano mdomoni. Nilimsikia akishusha pumzi, akitazama huko mkondoni kwa macho yake matupu. Chini watu wake walikuwa wanamwita wajue kuna nini.

"Leta kalamu," akamwambia Zamzam.

Zamzam akampa ile karatasi. Yeye alishaijaza kwa haraka yake: tarehe, saa, mahali, nguva mmoja, na sahihi yake chini. Idarus akaisoma yote, mstari kwa mstari, kidole kikifuata, na mimi nikasikia kidole kikisimama.

"Hapa umeandika mmoja," akasema. "Ana mtoto. Yuko ubavuni kwake, upande wa huko. Tazama mwenyewe."

Zamzam akainama. Tukasoma tena, sasa watatu, Idarus pia, kwa sauti yake nzito. Zamzam akaona. Akaanza kulia pale pale juu ya darubini, na mimi nikalia kwa kusikia tu. Idarus alisubiri tumalize. Kisha akaisukuma karatasi kwa Zamzam.

"Futa hiyo, andika wawili. Mimi sitii sahihi kwenye uongo."

Akafuta, akaandika wawili. Idarus akaweka karatasi juu ya goti lake, akaandika jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, kisha akashuka kuwaambia watu wake wakunje nyavu.